Upande wa Pili wa Kaseti ya Deo

Kemilembe mwanangu,

Maneno ni yangu, mwandiko ni wa Mwalimu Paskazia, jirani yetu wa huku juu. Nimemwambia aandike kila ninachosema kama ninavyosema, asininyooshee, maana akininyoosha utasema huyu siyo mama yangu. Amekubali, ila anasema nisimwage maneno kama mvua, vidole vyake vinauma. Haya, nitajaribu. Wewe umeenda Kagondo kumuaga shangazi yako, na shangazi yako namjua, hakuachii mpaka umekula mara mbili. Kwa hiyo tuna muda. Meli ni kesho.

Sikuambii habari za sabuni, wala sweta, wala usikope nguo za watu. Huko chuoni kwenye uuguzi watakufundisha wenyewe hata namna ya kutandika kitanda. Mimi nataka kuongea habari ya kaseti.

Jumapili uliniomba kaseti ya marehemu kaka yako uende nayo Mwanza, nikasema hapana. Ukaniuliza kwa nini, nikasema utaipoteza. Ukasema, "Ma, miaka yote unacheza upande mmoja tu, tena hujui hata wanasema nini. Unaitunza kama sanda." Mwalimu ameacha kuandika, anauliza, "Kemi alisema hivyo?" Alisema, andika. Nikaenda nje kumenya ndizi ambazo hakuna aliyekuwa anazihitaji. Sasa najibu.

Kwanza ujue kwamba naipenda. Watu wanafikiri naicheza kwa sababu ya kumlilia Deo. Hata paroko aliniuliza siku moja kwa adabu, "Ma Auleria, zile kelele zinakusaidia?" Nikamwambia, Baba, zile siyo kelele, zina mpangilio kuliko kwaya yako. Alicheka, lakini kwaya hawakucheka.

Naipenda yenyewe. Naipenda inavyoanza na lile gitaa moja, dogo, kama mtu anayejaribu ufunguo mlangoni taratibu asiamshe wenyeji. Halafu kimya. Halafu, mawe, mama yangu! Wanaingia wote kwa pamoja, magitaa, ngoma, kinanda, na yule mwanamume mwenye sauti ya kupanda mpaka unaogopa itakatika. Haikatiki. Nimeisikiliza mara ngapi, na kila mara pale namshikia pumzi, kama vile leo ndiyo siku itakayomkatikia.

Lakini siku ya kwanza nilikimbia. Wewe ulikuwa shule. Deo alirudi kutoka mjini, unakumbuka alikuwa fundi redio, meza yake ilikuwa barazani kwa yule Mhindi wa vitambaa. Kijana wa yule Mhindi, Nizar, alikuwa amesoma ng'ambo akarudi na makaseti aliyorekodi mwenyewe huko kwa rafiki zake. Walipofunga duka wahamie Kanada, akampa Deo hii moja. Akamwambia, "Kaa nayo, Deo. Bukoba nzima hakuna mwingine atakayeivumilia." Haikuwa na picha wala chapa ya kiwandani, ilikuwa na mwandiko wa kalamu tu, na ule mwandiko ulishafutika kwa vidole. Mimi nimeiita kaseti ya Deo, basi.

Akaiweka kwenye redio. Nilikuwa jikoni. Lile gitaa dogo nikalisikia, nikasema afadhali leo kaleta kitu cha watu. Ngoma zilipoingia, waitu, niliacha sufuria jikoni nikajikuta nimelala kifudifudi kati ya migomba. Ile ngoma ya chini ni mizinga kabisa. Mwili wangu ulirudi kwenye vita, mimi nikabaki nyuma.

Ile vita wewe huijui, ulizaliwa ikiwa imekwisha, ndiyo maana unaitwa Kemilembe, wa amani. Baba yako alikuwa amechukuliwa na mgambo. Mabomu yalipoanza kuanguka Bukoba nilimshika Deo mkono tukatembea mpaka Nshamba kwa mdogo wangu Leokadia. Siku mbili, miguu imevimba. Deo alikuwa wa miaka kumi na mitatu hivi. Kila mlio ukija mimi najitupa chini, yeye anasimama ameinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza mwewe. Anasema, "Ma, huo ni wetu, unatoka. Amka." Halafu, "Huo sasa unakuja. Lala." Nikauliza umejuaje? Akasema, "Wa kutoka unaanza chini, wa kuja unaanza juu." Mtoto yule alitutoa hai kwa masikio yake. Wengine walikuwa na bunduki, mimi nilikuwa na masikio ya Deo.

Basi siku ile ya kaseti akanikuta kwenye migomba. Mwanzoni alicheka. Aliponiona uso akaacha. Akaniinua, akanipangusa majani, akasema, "Ma, hii ni mizinga ambayo haimwangukii mtu. Ndiyo maana naipenda. Njoo uisikie ikiwa imekaa mbali na wewe."

Sikwenda siku ile. Nilikwenda wiki kadhaa baadaye, nikiwa nachambua kahawa pale mlangoni. Akaniambia, "Usiisikilize yote, utachoka. Chagua mmoja, mfuate anakokwenda." Nikachagua mpiga ngoma, maana ndiye aliyenitisha. Kila akigonga ile kubwa, naweka punje ya kahawa kwenye ungo. Nilitegemea nne, kama watu wote wenye miguu miwili. Ikatoka saba. Nikasema nimekosea, rudisha. Akarudisha. Saba. Nikamwambia, "Deo, huyu mtu anachechemea."

"Hachechemei, Ma. Ndivyo anavyotembea."

Tangu siku hiyo nilipalilia kwa saba. Wewe ulikuwa unanicheka kibanjani, kule kwenye migomba, "Ma anaongea na jembe." Nilikuwa nahesabu. Na kuna mahali saba inageuka tano bila kuaga, jembe linabaki juu hewani, nami nabaki nimesimama kama mjinga nacheka peke yangu.

Baba yangu, babu yako ambaye hukumuona, alikuwa anapiga nanga. Mwalimu anasema nieleze, vijana wa siku hizi hawajaiona. Ni ule ubao wenye nyuzi unaowekwa mapajani. Wimbo wake mmoja ulichukua kibuyu kizima cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Anasimulia habari ya mtu, anafika mahali mtu yuko taabuni, ananyamaza, anaacha nyuzi zitembee peke yake, na sisi tunangoja tukijua habari itarudi lakini hatujui itatokea upande gani. Sasa siku moja kaseti ya Deo inaimba, wale watu wakanyamaza, gitaa likabaki linatembea peke yake, nikajikuta nasema, "Lakini hii ni nanga! Hii ni nanga ya Wazungu, wameitia umeme." Deo alifurahi mpaka akaniinua juu, mimi mtu mzima. Akaenda kuwatangazia mafundi wenzake wote mjini kwamba mama yake, asiyejua hata kusoma jina lake, ameielewa kabla yao.

Na ina habari moja tangu mwanzo mpaka mwisho, kama nanga. Deo alinitafsiria kipande kwa kipande. Mtu amerudi kwenye nyumba aliyozaliwa na haoni mlango. Anazunguka. Madirisha anayaona, taa ndani anaiona, watu wake anawasikia wanakula, lakini mlango hauonekani. Mwalimu hapa anacheka, anasema yeye ana Kiingereza cha kufundishia na hajawahi kuambulia neno hata moja pale. Basi kama Deo alinidanganya, alinidanganya vizuri.

Upande wa kwanza unakwisha yule mtu bado yuko nje. Umekua ukijua habari inaishia hapo. Nilikuambia upande wa pili umeharibika, redio iliula utepe.

Haukuharibika, Kemi.

Ngoja ninywe maji.

Ulipokuwa na miaka kumi na miwili nilikupeleka Nshamba kwa mama yako mdogo Leokadia. Nilikuambia ni kwa ajili ya shule, walimu wa kule ni wazuri. Siyo shule. Deo alikuwa ameanza kukonda. Ugonjwa ule hapa tulikuwa tumeshauona, tulikuwa tunauita Juliana, kama vile ni mgeni wa kike tu amepita. Nyumba tatu zilikuwa zimefungwa kwenye njia ya kwenda kisimani. Na watu walisema vitu. Walisema ni jasho. Walisema ni kikombe, ni mkeka, ni mbu aliyemtoka yeye akaja kwako. Siwasingizii watu, mimi mwenyewe nilisema. Kikombe cha Deo nilikifunga uzi kwenye mkono wake kisichanganyike na vingine. Aliuona ule uzi. Hakuniuliza. Alikuwa anashikia pale pale kwenye uzi akinywa.

Nilimzaa Deo, nikazika wawili waliomfuata, nikakupata wewe nikiwa nimeshaanza mvi. Nilisema huyu mmoja akifa na huyu asife. Ndiyo hesabu niliyoifanya. Siyo kwamba sikumpenda. Nilimuosha kwa mikono yangu, nililala miguuni pake. Mimi nilikuwa tayari kufa. Wewe ndiye sikuwa tayari.

Sasa sikiliza. Deo hakukukataa.

Siku ya mazishi uliletwa na mama mdogo. Ukanivuta pembeni kule nyuma ya jiko, ukaniuliza, "Ma, mbona hakuniita?" Nikakuambia, "Alisema hataki umuone alivyokonda." Uso wako nauona mpaka leo. Ulikuwa unalia ukaacha kulia. Walipokuita utupe udongo kaburini ukaficha mikono nyuma, shangazi yako akakusukuma, ukasema, "Hakunitaka, na mimi simtaki." Watu walisema mtoto ana uchungu. Mimi nilijua uchungu ule nani kautengeneza. Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka mitano.

Alikuita. Alianza kukuita kabla hajashindwa kuamka kitandani. "Kemi yuko wapi? Kemi anafunga lini shule?" Nikasema karibu. Likizo ikaja, nikamtumia Leokadia ujumbe kwamba akubakize huko, msaidiane kuchuma kahawa. Deo akasema, "Basi hata dirishani, Ma. Asimame nje ya dirisha, mimi nimuone." Nikasema, tutaona. Hata dirishani nilikukatalia.

Siku moja, asubuhi, alikuwa ameamka vizuri, akasema niwekee kaseti, upande wa pili. Mikono yake ilikuwa haina nguvu ya kubonyeza. Mimi nina bakuli la uji mkono mmoja, nikabonyeza kwa mkono mwingine, nikabonyeza vitufe viwili pamoja. Kile cha mshale na kile chekundu. Nilijua nini mimi? Kaseti ikazunguka, haiimbi. Nikasema labda ndiyo ule mwanzo wa kimya. Tukakaa. Nikamlisha uji. Tukaongea. Nikasema, "Mbona leo wanachelewa hawa watu?" Deo akageuza macho kwenye redio, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Ma! Umebonyeza nyekundu! Unawafuta Wazungu, unaturekodi sisi!"

Nikaruka kuzima. Akasema, "Acha. Acha hivyo hivyo. Nisogezee."

Yote hayo yamo mle, Kemi. Kijiko kinagonga bakuli, jogoo anawika, mimi nauliza mbona wanachelewa. Halafu anaongea na wewe. Anasema, "Kemi, huyu Ma amefuta sehemu nzuri kuliko zote. Hapa gitaa lilikuwa linapanda ngazi. Usijali. Nitakuimbia." Na akaimba. Kwa mdomo, ti-ti-ti, ti-ti-ti-ti, vidole vyake vinagonga ubao wa kitanda, saba, halafu tano, halafu saba. Pumzi inamwishia, anasimama, anaivuta, anaanzia pale pale alipoachia. Hakuruka hata pigo moja. Mtu ambaye kijiko kilikuwa kinamshinda. Alipofika mwisho wa ile sehemu akasema, vidole bado vinagonga, "Ma, weka kidole kwenye kuzima. Bado. Bado. Sasa." Nikabonyeza. Tulipokuja kuirudisha na kuisikiliza, anamaliza yeye na Wazungu wanaingia juu yake, pigo kwa pigo, kama alikuwa mwenzao tangu zamani.

Na mwisho kabisa, kati ya bado na bado, anauliza. Sauti yake ni ndogo lakini inasikika. "Ma, Kemi umemficha wapi?" Na mle kwenye kaseti mimi sijibu. Vinasikika vidole vyake na kijiko tu.

Ndiyo maana upande ule uliharibika.

Uliporudi kuishi na mimi, nilikuwa nangoja uende shule, nafunga mlango, naucheza. Ukirudi unakuta upande wa kwanza. Sikukunyima kaseti kwa sababu utaipoteza. Nilikunyima kwa sababu utaisikia.

Mwalimu anapangusa miwani. Nimemwambia apumzike, hataki.

Nikuambie kitu kimoja cha huko unakokwenda, maana kazi ya kuosha wagonjwa hakuna atakayekufundisha kuliko mimi, nimeifanya. Atakuja mama kama mimi. Atakuwa na uzi wake kwenye kikombe chake. Atasema mgonjwa amelala, hataki kuona mtu, na mlangoni kutakuwa na mtoto. Usimgombeze yule mama, bojo, nakusihi. Lakini muulize mgonjwa mwenyewe. Mimi hakuna aliyekuja kumuuliza Deo. Watu walinisalimia mimi njiani, "Mgonjwa anaendeleaje?", nikajibu mimi, kila siku nikajibu mimi, mpaka ikawa kama Deo hana mdomo.

Na uelewe habari ya uoga wangu. Baadaye alipokuja yule mganga wa zahanati kutueleza kanisani kwamba kikombe hakiambukizi, wala mkeka, wala kukumbatiana, wenzangu walishangilia. Mimi nilitoka nje. Kama kikombe kingekuwa kinaambukiza ningekuwa na la kujitetea.

Kaseti nenda nayo. Utepe umechakaa katikati, pale pale, kwa ajili yangu. Ukilegea, zungusha kwa kalamu taratibu, usivute. Mimi nitabaki bila sauti yake, na nimeshakubali. Niliitumia peke yangu miaka mitano, na yeye alikuwa anaongea na wewe.

Yule mtu wa kwenye wimbo kama mlango anaupata au haupati, sikuambii. Sikiliza mwenyewe. Deo alinitafsiria ule mwisho mara mbili na mara zote mbili alisema tofauti, na wewe Kiingereza unacho.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mimi, muache kaka yako. Ukitaka usije Krismasi, nitasema kwa watu kwamba mmebanwa na masomo, nimezoea kuwajibia watu. Hapana, Mwalimu, kata hiyo. Nitasema kweli. Nitasema ana hasira na mimi na ana haki.

Ni mimi niliyekuzaa na nikakuficha, Auleria, kwa mkono wa Mwalimu Paskazia ambaye amechoka.

Mwalimu, ongeza tena kidogo.

Ameniuliza barua tunaiweka wapi. Nilikuwa nimepanga iende chini kabisa ya sanduku lako, chini ya magauni, na kaseti ndani yake, uikute ukiwa umeshafika Mwanza na ziwa lote liko katikati yetu. Mwalimu alinitazama tu juu ya miwani, kama anavyowatazama wanafunzi wake. Nami nikajiona. Hata leo nataka nikuweke mbali halafu ndiyo usikie.

Basi haiendi sandukuni. Nakusikia huko njiani, unacheka na watoto wa jirani, shangazi amekuachia mapema. Redio iko mezani, kaseti imo, upande wa pili ndio uko juu. Mwalimu anasimama aende zake, nimemwambia aniachie karatasi mkononi.

Ingia mwanangu, kaa hapa karibu na mimi, usome. Mimi sitoki.